Wanapenda Nyumba Zisizo na Watu

"Umetokea wapi, dada?" dereva aliniuliza kabla hatujatoka hata nje ya Mji Mkongwe.

"Olbalbal."

Akanitazama kwenye kioo. "Ndiyo wapi huko?"

"Ngorongoro."

"Ahaa!" Uso ukamfunguka. "Kwa wanyama!"

Sikumlaumu. Nimesoma Dar es Salaam miaka mitatu na jibu hilo nimelisikia kwa wahadhiri, kwa makonda wa daladala na kwa mama ntilie. Kwetu ni kwa wanyama. Hakuna anayeuliza kama mtu anaweza kuzaliwa huko, akachanjwa, akafeli hesabu darasa la tano, akapenda, akafiwa.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Rafiki yangu wa chuo, aliyeolewa Unguja, alinilipia siku moja ya kutembezwa: gari langu peke yangu, dereva, mwongoza watalii, na maji ya chupa kwenye boksi la barafu. Ratiba ilikuja kwa WhatsApp. Asubuhi makasri ya masultani, mchana mapango na fukwe za Mangapwani, jioni machweo ya Nungwi. Neno "binafsi" lilikuwa limeandikwa mara tatu, kana kwamba anayeiandika ratiba aliogopa nisije nikadhani nitachangia kiti.

Naomba uelewe hali yangu. Magari ya watalii nimeyaona maisha yangu yote kwa nje. Yanapita barabara ya vumbi kutoka kreta kwenda Serengeti, nasi tukiwa watoto tuliyapungia mkono hadi mikono ikachoka. Siku ile nilikuwa ndani, kioo kimefungwa, kiyoyozi kinavuma, na watoto wa Bububu wakanipungia mimi. Humo ndani ndimo nilimoelewa jambo ambalo nje sikuwa nimelielewa, nalo nitalisema bila kulizungusha: utalii wetu unapenda nyumba ambazo wenyewe wameshaondoka. Pale ambapo wenyewe bado wapo, unakosa subira nao.

Tulianzia Forodhani. Jumba la Maajabu, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa limezungushiwa uzio. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Hatua chache pembeni tukaingia kwenye kasri la Beit el-Sahel, ambalo sasa ni makumbusho. Kuna vitanda vya masultani, makabati yao na picha zao, na kuna chumba kizima cha Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866 na kuishia Ujerumani, ambako mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Mwongozaji wangu alikuwa kijana msomi na mcheshi. Alizijua tarehe zote. Sina ugomvi naye hata kidogo.

Kisha tukashika njia ya kaskazini hadi Maruhubi. Kasri hilo Barghash alilijenga kwa ajili ya wanawake wake, nalo likaungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo nene zilizopangwa safu mbili, mabirika ya kuogea na bustani yenye miembe. Pazuri kwa kweli. Upepo wa bahari unapita katikati ya nguzo, na kama hujui lolote unaweza kudhani palijengwa makusudi pawe gofu.

"Waliishi hapa masuria tisini na tisa," mwongozaji alisema, kama wanavyosema waongozaji wote.

"Majina yao?"

Akacheka. "Dada yangu, hilo sijawahi kuulizwa."

"Na waliobeba mawe haya?"

Hapo hakucheka. Akatazama nguzo, akatazama saa. "Watumwa, nadhani. Na mafundi. Twende, Mtoni panataka jua la asubuhi ukipenda picha."

Wazee wa pwani walishasema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini safari ya siku moja ni safari ya milango. Unaonyeshwa mlango, unaambiwa mwaka, unapigwa picha, unapelekwa kwenye mlango mwingine. Wazee haohao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikiwa Maruhubi nikaona kwamba biashara hii imepangwa ili mgeni asiifikie kamwe siku hiyo ya tatu. Hapewi jembe, hapewi habari ya nani analima, wala haulizwi yeye amekuja kufanya nini.

Fedha za makasri yale zilitoka wapi? Zilitoka kwenye karafuu, zilizolimwa na watumwa, na kwenye pembe za ndovu na biashara ya watu wenyewe, vilivyoletwa na misafara kutoka bara. Misafara mingine iliondoka Pangani ikapanda hadi nchi ya Wamasai kutafuta pembe. Kwa hiyo sikuwa mgeni kabisa pale Maruhubi. Sehemu ya nguzo zile ilishuka kutoka upande wetu, mabegani mwa wapagazi, karne moja na nusu kabla ya gari langu la kiyoyozi.

Mangapwani tulipewa dakika ishirini. Kuna chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, kwenye mwamba wa matumbawe, na inaelezwa kwamba humo walifichwa watumwa baada ya Barghash kutia saini mkataba wa Juni 1873 wa kufunga soko na kupiga marufuku usafirishaji wao kwa bahari. Nilishuka ngazi. Kuna joto na unyevu, na dari iko chini. Mwongozaji alipunguza sauti, kwa heshima ya kweli. Kisha tukapanda juu, na chakula cha mchana kilikuwa tayari: pweza wa nazi, wali na juisi ya ukwaju. Nilikula. Nasema hivyo ili usidhani ninaandika haya nikiwa nimesimama juu ya kichuguu cha usafi. Nilikula nikashiba.

Jioni, Nungwi, nikakutana na kwetu.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee, shuka nyekundu, shanga shingoni na mkononi, amening'iniza bangili za kuuza kwenye kipande cha ubao. Ukienda fukwe za kaskazini na mashariki ya Unguja utawakuta wengi: wanauza, wanalinda, wanapigwa picha. Alinitazama mara moja tu masikioni.

"Takwenya," akasema.

"Iko."

Bahari nzima ikasogea nyuma. Alikuwa mtu wa Nainokanoka, juu kwenye nyanda za baridi, na mimi wa Olbalbal, chini kwenye bonde la joto. Nyumbani tungesema tuko mbali. Nungwi tulikuwa ndugu wa tumbo moja. Aliniambia ng'ombe wao walikufa kwa ukame wa mwaka 2022, wakabaki wachache wasiotosha hata maziwa ya watoto, naye akafuata wenzake baharini.

"Kazi inakwendaje?"

"Inakwenda. Ila huku wazungu wananipiga picha bure. Kule kwetu kwenye boma la utalii walikuwa wanalipa."

Tukacheka sana. Tukiwa bado tunacheka, mlinzi wa hoteli akaja, rungu mkononi, akamwambia arudi nyuma ya mstari, wageni wanataka kupumzika. Mlinzi naye alikuwa Mmasai. Alisema kwa Kiswahili mara ya kwanza, kwa sababu mimi nilikuwa mgeni na ilipasa nisikie kwamba anafanya kazi yake. Mara ya pili alisema kwa Kimaa, taratibu, macho yake yako kwenye mchanga. Kijana akachukua ubao wake akasogea. Kamba ilikuwa imetandazwa mchangani kuonyesha mwisho wa hoteli. Upande mmoja Mmasai ni mapambo, upande wa pili ni kero, na anayelinda kamba ni Mmasai vilevile.

Mwongozaji akaniita. Jua lilikuwa linazama, na machweo yalikuwa kwenye ratiba.

Sasa twende kwetu, maana hilo ndilo lililonifanya niandike.

Ukiitafuta Olbalbal kwenye ratiba ya watalii hutaipata. Utapata "mandhari". Gari linashuka kutoka ukingo wa kreta kuelekea Serengeti, linasimama, wageni wanatoka, wanaliona bonde pana la rangi ya majani makavu, wanapiga picha ya utupu. Kwenye utupu huo ndimo kwetu. Humo ndimo Korongo la Oldupai linamomwaga maji yake mvua zikinyesha, ndimo tunamonyweshea ng'ombe, na ndimo kokoo yangu alimojenga nyumba zake zote. Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke. Fito, matope, majivu na mavi ya ng'ombe. Kwa hiyo swali lililomshinda mwongozaji wa Maruhubi, kwetu hata mtoto analijibu: kila nyumba, aliyeijenga anajulikana kwa jina.

Lakini nyumba yetu haiachi gofu. Ikiachwa, mvua mbili tatu inarudi udongo. Ndiyo maana haihesabiki kuwa urithi. Chini ya kreta kuna mabaki ya nyumba ya Adolf Siedentopf, Mjerumani aliyefuga humo mwanzoni mwa karne iliyopita, na waongozaji wanayajua. Juu ukingoni kuna kaburi la Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na la baba yake, Bernhard, aliyezikwa kando yake. Magari husimama hapo. Maboma yaliyoondolewa ndani ya kreta mwaka 1974, na watu wake kupandishwa juu, hayana jiwe wala kibao.

Mwaka 1959 ni mwaka wa kuushika vizuri. Mwaka huo Hifadhi ya Ngorongoro ilimegwa kutoka Serengeti, na Wamasai waliotolewa Serengeti wakaahidiwa kwamba hapa watakaa. Gavana wa Mwingereza aliwaambia wazee kwamba pakitokea mgongano kati ya maslahi ya wanyama na ya binadamu wakazi, ya binadamu ndiyo yatatangulia. Mwaka huohuo, tarehe 17 Julai, Mary Leakey aliliona fuvu la kale pale Oldupai, jirani zetu. Wakaliita Zinjanthropus. Zinj ni jina la kale walilolitumia Waarabu kwa pwani ya Afrika Mashariki, ndilo hilohilo lililomo ndani ya neno Zanzibar. Yaani fuvu la bondeni kwetu linaitwa mtu wa pwani, na limehifadhiwa Dar es Salaam. Na mwaka 2010, UNESCO walipokubali kwamba Ngorongoro ni urithi wa kiutamaduni pia, pamoja na wa kiasili uliotambuliwa tangu 1979, utamaduni walioutaja katika vigezo vyao ulikuwa wa mageuko ya binadamu: mafuvu ya Oldupai na nyayo za Laetoli zenye miaka milioni tatu na nusu hivi. Ukiwa umekufa zamani za kutosha, wewe ni urithi. Ukiwa hai na una mbuzi, wewe ni changamoto.

Najua utaniambia nini, maana nimeambiwa na marafiki ninaowaheshimu. Watu wameongezeka. Ni kweli: mwaka 1959 tulihesabiwa kama 8,000, leo tumepita 100,000, na eneo ni lilelile la kilomita za mraba 8,292. Sisemi kwamba hesabu hiyo haina uzito. Nyasi hazijui siasa. Ila hesabu ifanywe yote. Zihesabiwe na hoteli zilizokaa ukingoni mwa kreta na maji zinayotumia. Yahesabiwe na magari, ambayo kila moja hulipiwa zaidi ya dola 200 kushuka kretani kwa siku moja, na vumbi lake. Na iulizwe kwa nini Mji Mkongwe, ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000, una watu wanaoanika nguo kwenye roshani zake na hakuna anayesema wahamishiwe mkoa mwingine ili milango ipumue. Kinyume chake, tunasema bila watu mji ungekuwa maiti. Hoja hiyo ikivuka bahari inageuka.

Tangu Juni 2022 familia za kwetu zinahamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari, na wapo waliokwenda kwa hiari kweli. Mjomba wangu mmoja ni miongoni mwao, na simsemi vibaya. Alitaka nyumba ya tofali na shamba, vitu ambavyo kwetu sheria haziruhusu. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, kikakatazwa tena 2009. Lakini mtu anayechagua kati ya mlango uliofunguliwa na mlango unaofungwa polepole, usimpongeze sana kwa uhuru wake wa kuchagua. Agosti 2024 lilipotoka tangazo la kufuta kata na vijiji vya tarafa ya Ngorongoro, watu walikwenda wakakaa barabarani, ileile ya watalii, kwa siku kadhaa. Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha tangazo. Nilipoziona picha zile nilifikiri jambo moja dogo: hii huenda ni mara ya kwanza magari yale kusimama mbele yetu bila kuwa yamelipia ngoma.

Na kuna swali jingine ambalo naona aibu kulikwepa. Wamasai nao hawakushushwa Ngorongoro na mvua. Tuliwakuta Wadatoga, tukapigana nao, tukawasukuma. Ndani ya kreta kuna makaburi ya wazee wao, na wao hawajayasahau. Mtu akinikumbusha hilo ili nikae kimya, namjibu kwamba ananisaidia. Ndiyo maana hasa ya kuuliza ni nani aliishi hapa, aliondokaje, na leo yuko wapi. Maswali hayo matatu yatanichoma na mimi, na yanichome. Dhuluma ya babu yangu kwa Mdatoga haimpi mtu mwingine hati ya kunidhulumu, ila inaninyima mimi haki ya kujifanya malaika.

Sikuombi uache kusafiri. Kijana wa Nainokanoka anakula kwa safari zako, na mwongozaji wangu vilevile. Makasri yatunzwe, Jumba la Maajabu lisimame tena, maana watoto wa Unguja wanalihitaji kuliko watalii. Ninachokuomba wewe uliyesoma, unayeweka picha za nguzo za Maruhubi mtandaoni Jumapili na za vifaru wa kretani Pasaka, ni kwamba uyaulize yale maswali matatu kwa sauti, mbele ya mwongozaji, hata kama ratiba itachelewa. Uliza kwenye kasri, uliza ufukweni ambako kuna kamba mchangani, uliza hapo gari linaposimama juu ya "mandhari". Ukiambiwa hapa hapakuwa na mtu, au waliokuwapo walikuwa tatizo, ujue umefikishwa mlangoni tu. Waongozaji hujifunza kile wanachoulizwa. Yule wangu, wakati wa kuagana, aliniambia atayatafuta majina ya wale wanawake, hata mawili tu. Namwamini.

Niliporudi Olbalbal nilimkuta kokoo anakandika ukuta, mikono ya kijani hadi kwenye viwiko. Niliinamisha kichwa, akanigusa kwa nyuma ya kifundo ili asinichafue. Akataka habari za bahari. Nikamwambia ni kubwa, na kwamba niliziona nyumba za wafalme.

"Wanaishi humo?"

"Hapana, kokoo. Waliondoka zamani."

"Nani anazitunza?"

"Serikali."

Akachota konzi nyingine ya mavi, akaibandika, akaisawazisha kwa kiganja.

"Basi na sisi tukiondoka watatutunza," alisema.

Sikuwa na la kumjibu. Nilivua viatu nikaanza kukandika upande wa magharibi, ule unaovujisha, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya Oldupai.